Plagi kwanza, maswali baadaye

Ninafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa Kisumu. Darasa langu lina vijana 27, na wengi walishika spana kwenye gereji za Kondele na Kibuye kabla hawajashika kalamu chuoni. Watu wa gereji hawaishiwi maneno. Darasani kwangu, muhula mzima wa kwanza, nilikuwa nikiuliza swali naona visogo tu, nyuso zote zimeinamia madaftari.

Kila wiki niliwapa kurasa 12 za fotokopi wasome kabla ya kipindi. Asubuhi moja nikipita karakana niliukuta ukurasa wa tano umetandazwa chini ya kabureta, unanyonya petroli. Angalau mmoja ulipata kazi.

Nikajaribu alama: atakayechangia, apate mbili. Wale wanne wenye midomo wakazungumza mpaka kipindi kikaisha, wa mwisho akirudia ya wa kwanza. Waliobaki wakazidi kujikunyata. Nililiacha hilo baada ya wiki mbili.

Kilichonizindua ni pikipiki yangu. Jumamosi moja niliipeleka kwa fundi Nyalenda, nikamkuta kijana wangu mmoja, bubu kabisa darasani, akimsomea mteja: "Ndugu yangu, chujio la hewa hujawahi kulisafisha, plagi imejaa masizi, halafu unalaumu petroli?" Maneno yanamtiririka! Nikajificha nyuma ya kibanda cha chapati nisimkatize. Basi ujuzi anao. Anachokosa ni mahali pa kuanzia, na mimi nilikuwa nikimwanzisha kwa Kiingereza cha kitabuni.

Jumatatu nikafuta kurasa zote, nikabakiza moja. Kazi ikawa hii: kila mtu aje na plagi iliyochoka, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, kutoka gereji yoyote, na sentensi tatu daftarini. Imetoka kwenye chombo gani, ina rangi gani, unashuku nini. Nilisimama mlangoni nikizikagua kama kondakta wa matatu.

Ndani, kwanza wanaoneshana wawili wawili kwa dakika mbili, kwa lugha yoyote, hata Sheng. Ndipo ninapouliza mbele ya wote, na ninahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kusema neno. Kumi ni ndefu jamani. Zamani nilikuwa najijibu mwenyewe nikifika tatu, nao walishanijua, wakawa wanasubiri tu.

Siku ya kwanza ubishi ulizuka juu ya plagi nyeusi yenye unyevu. Mmoja alisema ni oili inayopenya kwenye ringi za pistoni, mwenzake akasema ni petroli iliyozidi. Wakainusa, wakaipitisha mkono kwa mkono, mwishowe mmoja akapaka kidole na kungoja. Petroli ingekauka, lakini kidole kilibaki kinateleza: basi ni oili. Kipindi cha nadharia ambacho zamani kilinitoa jasho kilikuwa kimejiendesha.

Lakini kilichofungua milango ni kosa langu mwenyewe. Niliinua plagi moja nyeupe nikatangaza kwa madaha kwamba hiyo ni dalili ya injini kupata moto kupita kiasi. Binti mmoja wa Ahero, kati ya wasichana watatu tu nilio nao, akainua mkono nusu. "Samahani mwalimu, hiyo imesuguliwa kwa msasa. Ona mikwaruzo." Nikaisogeza dirishani. Mikwaruzo ilikuwepo. Nikamwambia amenishinda, nikaandika alichosema ubaoni kwa maneno yake. Wiki iliyofuata mikono ilikuwa mingi, na nashuku nusu yao walitaka tu kunikosoa. Sikuona ubaya.

Kiingereza sijakiacha, maana mtihani unakuja kwa lugha hiyo. Dakika 15 za mwisho tunayarudia yaliyosemwa na kuyapa majina yake ya mtihani. Yule wa Nyalenda bado huongea kidogo mbele ya wote. Ninamwita karakanani, akiwa na spana mkononi, na huko hanyamazi.

Wajanja nao hawakosi. Kuna plagi moja yenye ufa kwenye kauri ambayo imepita mlangoni mara tatu, mikononi mwa watu watatu tofauti, kila mara ikiwa imetoka kwenye chombo kipya. Wiki hii nimeitia tone la rangi nyekundu chini, nimeirudisha, na nimenyamaza.