Nilichofundishwa na Kijitaa cha Mita

Kwa miaka kadhaa nilikuwa yule mzazi anayepita chumba hadi chumba akizima taa na kunung'unika. Bili ya umeme ilipopanda, lawama zangu zote ziliangukia taa ya sebuleni iliyosahauliwa na chaja iliyoachwa ukutani, na watu wa nyumbani walikuwa wameizoea hotuba hiyo kiasi kwamba hakuna aliyeisikiliza tena. Bili haikushuka. Ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba bidii ninayo, ila nilikuwa naielekeza mahali ambapo hapakuwa na kitu kikubwa cha kuokoa.

Usiku mmoja nilizima kila kitu, nikachomoa friji, nikazima swichi ya hita ya maji, kisha nikaenda kuitazama mita nikitarajia kuikuta imetulia. Kijitaa chake chekundu kikapepesa. Nikasubiri huku nikihesabu, na baada ya sekunde 60 hivi kikapepesa tena. Kwenye uso wa mita yangu pameandikwa "1000 imp/kWh", maana yake kijitaa hicho hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja ya umeme, ambayo ni kilowati-saa moja. Kwa mita ya namna hiyo, ukichukua 3,600 ukaigawa kwa idadi ya sekunde zinazopita kabla kijitaa hakijapepesa tena, unapata wati zinazotumika nyumbani kwa wakati huo. (Mita yenye namba nyingine, kama 800 au 3200, inahitaji hesabu yake, kwa hiyo soma kwanza kilichoandikwa.) Nyumba yangu, ambayo niliamini imelala, ilikuwa inakula wati 60. Hicho ni kiasi kidogo ukikitazama kwa saa moja, lakini hakipumziki: kwa saa 24 na siku 30 kinafikia uniti 43 kwa mwezi.

Wahusika hawakuwa wagumu kuwapata, kwani nilichomoa plagi moja baada ya nyingine na kuhesabu upya kila mara. Chaja za simu, ambazo nilikuwa nimezipigia kelele kuliko kitu kingine chochote, hazikubadilisha hesabu kwa kiasi ninachoweza kukiona. King'amuzi cha runinga, redio kubwa ya zamani yenye spika zake na kompyuta ya mezani ndivyo vilivyokuwa vinanyonya umeme huku vikionekana vimezimwa. Vifaa vya siku hizi vina nafuu; katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2013 zilishusha kikomo cha vifaa vingi vya nyumbani vinavyosubiri tu kuwashwa hadi wati 0.5. Redio yangu ni ya kabla ya hapo. Sasa vyote vitatu vimechomekwa kwenye soketi moja ya kurefusha yenye swichi, na mtu wa mwisho kwenda kulala huizima.

Hata hivyo, uniti hizo 43 si sehemu kubwa ya bili. Nilipowasha hita ya maji nikarudi kwenye mita, kijitaa kilikuwa kinapepesa kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu zamani: kinachokula umeme nyumbani ni joto. Kupasha lita 80 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi kunahitaji karibu uniti 3.7, hata kabla ya kuhesabu joto linalovuja kwenye tangi na mabomba. Kwa uniti hizo hizo, balbu ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake unakaribiana na ule wa balbu ya kizamani ya wati 60, ingewaka usiku na mchana kwa zaidi ya siku 17. Nami nilikuwa nawafokea watoto kwa ajili ya balbu!

Hita yetu ilikuwa inawaka saa zote, ikiyapasha upya maji ambayo hakuna aliyeyahitaji hadi asubuhi. Tulifunga saa ya kuiwasha na kuizima, tukayavika mabomba ya maji moto sponji maalumu, na thamostati iliyokuwa nyuzi 75 tukaishusha hadi 60. Sikuishusha zaidi ya hapo kwa makusudi, kwa sababu bakteria wa Lejionela hustawi katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama, na sioni faida ya kuokoa fedha za umeme ili kuzipeleka hospitalini. Kuoga kwa muda mfupi husaidia kuliko hayo yote, ingawa mwenye nyumba iliyojaa vijana hawezi kuahidi matokeo.

Jikoni mambo ni yale yale. Birika la umeme likijazwa lita moja na nusu kwa ajili ya kikombe kimoja cha robo lita, umeme unaotumika ni mara sita ya uliohitajika. Sufuria ifunikwe, na ikishachemka moto upunguzwe, kwa kuwa maji yanayochemka hayaongezeki joto hata ukizidisha moto. Yanachofanya ni kugeuka mvuke haraka zaidi. Pasi nayo huwashwa mara moja kwa wiki kwa nguo zote, badala ya kila asubuhi kwa shati moja.

Friji lilinipa somo la peke yake. Nilibana karatasi kwenye mlango wake, nikaufunga, kisha nikaivuta karatasi: ikatoka bila kubishana, kumaanisha mpira wa mlango ulikuwa umelegea na baridi ilikuwa inavuja mchana kutwa. Nyuma yake vumbi lilikuwa limeganda kwenye mabomba membamba yanayotoa joto nje, na lenyewe lilikuwa limesukumwa hadi kugusa ukuta. Nilibadilisha mpira, nikasafisha vumbi, nikalivuta mbele kidogo ili hewa ipite. Kompresa, ambayo nilikuwa nimeshazoea kuisikia ikinguruma bila kupumzika, sasa hukaa kimya kwa muda mrefu hadi mara ya kwanza nilidhani friji limeharibika.

Taa bado nazizima, ila siku hizi nafanya hivyo bila hotuba. Juzi usiku nilirudia jaribio lile la kwanza, friji likiwa limechomolewa na hita imezimwa. Kijitaa kilichukua sekunde 360 kupepesa tena, yaani wati 10, na wati hizo nimeshajua zinakokwenda: ni ruta ya intaneti iliyo chumbani kwa kijana wangu mkubwa, naye amekataa katakata nisiiguse.