Kilo 12 Zilizopotea Kibaigwa

"Mdogo wangu, balansi haitaki akili, inataka desa."

Maneno hayo aliniambia kaka mmoja wa mwaka wa nne, tumekaa kwenye kimbweta, mimi nikiwa na wiki mbili tu chuoni Dar es Salaam, nasomea uhandisi kemikali. Nilimwamini kwa sababu alivaa miwani. Nikatoa kopi za mitihani ya miaka ya nyuma, elfu kumi na kitu ikateketea, nikakesha nazo muhula mzima. Swali la mnara wa kukeneka pombe ningeweza kulifanya nimefumba macho. Siku ya mtihani likaja swali la mashine ya kukausha mbao. Nikajaza kurasa tatu, maana mwoga hujaza kurasa, na matokeo yalipobandikwa nikawa nimesapu, yaani nirudie mtihani, somo la mizania ya mada na nishati, ndiyo hiyo balansi.

Naandika haya kwa hasira kidogo. Binamu yangu amechaguliwa uhandisi kemikali mwaka huu, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Dada, madesa unayo?" Hakuniuliza kozi ni ngumu kiasi gani, wala hakuuliza inahusu nini.

Inahusu nini? Nyumbani walidhani naenda kusomea kutengeneza sabuni. Bibi alifurahi sana. Nikajaribu kueleza kwamba mwanakemia anaweza kupata kitu kwenye chupa ndogo maabara, halafu mhandisi kemikali ndiye anaulizwa namna ya kupata tani 10 za kitu hicho kila siku, bila kiwanda kulipuka na bila mwenye mali kufilisika. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini na sabuni mtafundishwa?"

Basi nikarudi nyumbani Kibaigwa na sapu yangu. Kwa asiyepajua, Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, mji wa malori, vumbi na mahindi. Baba mdogo ana mashine ya kukamua alizeti pale, na likizo yangu iliangukia kwenye msimu, magunia yamepangwa hadi mlangoni. Nilimwomba kona ya kusomea. Alinipa meza karibu na mashine, penye kelele kuliko sehemu zote duniani, kisha akaanza kuniita Injinia kwa sauti ya mtu anayetania na kutamani kwa pamoja.

Siku ya tatu akanijia. "Injinia, hebu nisaidie. Nahisi naibiwa mafuta."

Nilifurahi! Mizania ya mada, ukiipunguza mpaka mfupa, inasema tu hivi: kilichoingia lazima kiwe kimetoka, au bado kimo ndani. Mafuta hayawezi kuyeyuka hewani yakapotea. Nikaazima mizani kubwa ya kupimia mahindi sokoni, kwa ahadi ya soda, na tukapima alizeti kilo 200 kamili. Nikachora boksi kwenye daftari, mshale mmoja unaingia, mitatu inatoka: mafuta, mashudu, na yale mashapo mazito yanayotuama chini ya pipa. Fundi wa mashine, mzee wa watu, alinitazama nikizunguka na daftari, hakusema neno.

Jioni tukapima. Mafuta kilo 55, mashudu 128, mashapo 5. Jumla 188.

Zimekosekana kilo 12.

Hapa nikafanya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Badala ya kurudi kwenye boksi langu, nikapiga hesabu ya fedha. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama kilo 0.92, kwa hiyo kilo 12 ni lita 13, zaidi ya nusu dumu, kwa siku moja! Nikamwambia baba mdogo, tena mbele ya wateja. Baba mdogo hakuuliza mara mbili. Alimwita fundi palepale, na maneno aliyomwambia siyaandiki. Mzee alivua kofia, akaapa, akaivaa tena, akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Mashine imelala, wateja wanahamisha magunia kwa jirani, na mimi nimekaa kwenye meza yangu ambayo sasa ina utulivu wa kutisha, nasoma swali la kukausha mbao.

Mbao mbichi zinaingia. Mbao kavu zinatoka. Na maji?

Niliinuka kama niliyeng'atwa na nge. Maji! Alizeti ina unyevu wake, na mashine ya kukamua hupata moto kutokana na msuguano, kwa hiyo mashudu hutoka yamekauka kuliko mbegu zilivyoingia. Boksi langu lilikuwa na mishale mitatu ya kutoka, nami nilipaswa kuchora minne. Ndilo kosa lile lile nililolifanya kwenye mtihani, ila kwenye mtihani sikumwita mtu mwizi.

Kujua ni jambo moja, kuthibitisha mbele ya baba mdogo ni jingine. Ilibidi nipime unyevu, na tanuri la maabara sina. Nikaponda mbegu kilo moja, nikaweka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, nikakoroga. Baada ya dakika kadhaa zikanukia vizuri mno, zikaungua, na uzito ukawa hausomeki tena kama unyevu bali kama moshi. Mara ya pili nikazianika kwenye turubai juani, nikaingia ndani kunywa chai. Nilipopima nikakuta mbegu za Kibaigwa zina unyevu wa asilimia 40. Nikashangaa sana mpaka nilipowaona kuku wa bibi wamesimama pembeni wanajipangusa midomo.

Mara ya tatu ndiyo nilitumia kichwa. Nilijaza mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaupasha taratibu, kisha nikaweka sufuria ndogo yenye sampuli juu ya mchanga. Mchanga hausambazi moto kwa pupa, hivyo mbegu zilikauka bila kuungua. Kila nusu saa napima kwa mizani ya dukani, mpaka uzito ukakataa kushuka. Hapo ndipo unajua maji yameisha, wala si kwa kutazama saa. Gramu 1,000 za mbegu zikabaki 920. Gramu 1,000 za mashudu zikabaki 960.

Sasa fanya hesabu nami. Asilimia 8 ya kilo 200 ni kilo 16 za maji zilizoingia. Asilimia 4 ya kilo 128 ni kilo 5 na ushee zilizotoka ndani ya mashudu. Karibu kilo 11 zilikwenda angani. Ile moja iliyobaki ni vumbi na makapi, na kusema kweli hata mizani ile ya sokoni sikuiamini kwa kilo moja.

Bibi ndiye aliyenipeleka kwa fundi, nimebeba sukari kilo mbili na uso wa kuazima. "Mbukwenyi!" bibi akabisha hodi kwa salamu ya Kigogo, tukakaribishwa. Nikamwamkia mzee shikamoo yenye uzito wa kilo 12. Nikamweleza kila kitu: boksi, mishale, mchanga wa moto. Alinisikiliza kwa heshima kubwa kuliko niliyostahili. Halafu akaniuliza:

"Mwanangu, ule moshi mweupe unaotoka kwenye mashine kutwa nzima, ulidhani ni nini?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Alirudi kazini baada ya baba mdogo kwenda mwenyewe kumwomba radhi, na wiki zilizobaki alinifundisha bure. Mbegu ikiwa na unyevu mwingi mashudu hutoka laini, yanateleza, mafuta hayakamuliki. Ikiwa kavu kupita kiasi hutoka unga na mashine hulalamika. Yeye huing'ata tu mbegu akasikiliza ilivyovunjika, kisha ananyunyizia maji kidogo au anaianika zaidi. Kule darasani tunaita udhibiti wa mchakato, na tunaufundishwa kwa milinganyo inayotia kichefuchefu.

Sapu niliifaulu kwa C. Swali moja lilikuwa la kukausha tena, na nilitabasamu kwenye chumba cha mtihani hadi msimamizi akaja kunitazama mikono. Siri yake, kama unaitaka: kabla ya kushika kikokotoo, tafuta kitu ambacho hakiwezi kutoroka. Kwenye mbao ni ule mti mkavu wenyewe, kwenye alizeti ni ile sehemu kavu isiyo mafuta. Kiasi chake kinachoingia ndicho kinachotoka, na ukikishika hicho mengine yanajisalimisha. Na andika vipimo, kilo ni kilo, lita ni lita. Mnunuzi anapima kwa dumu, mashine inakula kwa gunia, wewe unabaki katikati unalia.

Mwaka wa pili na wa tatu sina mengi. Thamodinamiki, somo la joto na nishati, ni ngumu kwa kila mtu, anayekwambia yake ilikuwa rahisi mwombe akuonyeshe matokeo. Jifunze mapema kusoma majedwali ya mvuke, yale yenye namba za maji na mvuke kwa kila joto na shinikizo. Usinunue kitabu kipya cha bei mbaya, toleo la zamani lina maswali yale yale yamebadilishwa namba. Somo pekee lililonifurahisha ni la mwendo wa vimiminika, siku mhadhiri alipouliza nani anaweza kutaja kimiminika kisicho na tabia ya maji, ambacho ukikivuta kinavutika. Darasa kimya. Nikanyoosha mkono: "Mlenda." Watu walicheka, lakini mhadhiri aliandika ubaoni, na sisi wa Ugogo tulitembea kifua mbele wiki nzima.

Mradi wa mwaka wa nne nilirudi tena kwa baba mdogo: kusafisha mafuta ghafi ya alizeti kwa vifaa vya bei ndogo. Mafuta ghafi huwa na asidi huru zinazoyaharibu ladha na kuyafanya yachache haraka, na njia ya kawaida ni kuzizima kwa kostiki soda. Asidi na kostiki vikikutana hufanya sabuni, sabuni inatuama, unaiondoa. Kwenye karatasi ni mistari miwili.

Nami, pamoja na yote yaliyonipata, nikadesa. Nilichukua kiasi cha kostiki kwenye ripoti ya aliyetangulia, gramu 28 kwa kila kilo ya mafuta, bila kuuliza mafuta yake yalikuwa yameoza kiasi gani. Kukoroga nikaona mwiko ni ushamba. Nikaazima drili kwa fundi seremala, nikafunga msumari mrefu uliopindwa, nikawasha. Dakika tano baadaye lita 5 za mafuta zilikuwa zimegeuka kitu cheupe, kizito, kinachosimama chenyewe, kama mtindi uliogoma. Nikangoja kitengane. Usiku kikakaa. Asubuhi kimekaa. Baba mdogo akapita, akachungulia ndoo, akasema, "Injinia, haya yanapakwa mkate au ukutani?"

Bibi ndiye aliyeniokoa, kwa sababu kikundi chao cha akina mama hupika sabuni. Aliichovya kidole, akakisugua, akasema hiyo ni sabuni imeyakumbatia mafuta, itie maji moto ya chumvi uiache. Nilitia. Kesho yake kulikuwa na tabaka tatu: mafuta juu, sabuni katikati, maji ya chumvi chini. Chumvi huifukuza sabuni kutoka kwenye maji, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani na nimelifaulu. Mafuta niliyoyapata hayakufika hata lita 3.

Mara ya pili nikapima asidi kwanza, kwa kutia kiashiria, dawa inayogeuka waridi kostiki ikizidi, kisha kudondoshea kostiki hafifu mpaka rangi ya waridi ikabaki. Ikatoka asilimia 2. Hesabu yake ni fupi: gramu 20 za asidi kwa kilo ya mafuta, zidisha kwa 40 (uzito wa molekuli ya kostiki), gawa kwa 282 (uzito wa molekuli ya asidi), unapata kama gramu 2.8 za kostiki, unaongeza chembe kidogo. Ile ripoti ilikuwa imenipa mara kumi! Nikapasha mafuta hadi nyuzi 65, nikakoroga kwa mwiko, taratibu, kama mtu anayesonga ugali wa mgonjwa. Nikaacha yatuame, nikaosha kwa maji moto mpaka maji ya kuoshea yakaacha kugeuka waridi nikiyatia kile kiashiria, nikayakausha. Yalitoka ya dhahabu, unaona kidole chako upande wa pili wa chupa.

Chupa moja baba mdogo ameiweka dukani, juu ya rafu. Wateja wakiulizia bei anawaambia hayauzwi, ni mafuta ya kusomea. Ile sabuni ya ndoo ya kwanza bibi aliichukua yote, akaipika upya na kuikata vipande, na anafulia hadi sasa. Anasema inatoa povu zuri ila inanukia alizeti, na kila mgeni akija anamwonyesha kipande kimoja: "Mjukuu wangu huyu. Miaka minne Dar es Salaam."