Wachumba wa Kiquaker na msomaji wa tatu

Nina tabia ya kusoma barua za watu. Si za majirani, tuelewane. Nasoma za watu waliokufa zamani, ambazo wajukuu wamezikabidhi kwa maktaba, na maktaba nazo zimezipiga picha na kuziweka mtandaoni. Siku hizi nimezama kwenye barua za wachumba wa Kiquaker wa Uingereza na Marekani, za miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mimi mwenyewe nimelelewa katika kanisa la Marafiki, ndio hao hao Waquaker, ila letu ni la kwaya, mchungaji na mahubiri marefu. Ndivyo walivyotuachia Wamarekani waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Marafiki wa Uingereza, na wengi wa Philadelphia, hawakuwa na mchungaji. Waliketi kimya hadi mtu asukumwe na Roho asimame aseme. Lakini mpe mmoja wao kalamu na mchumba aliye mbali, uone. Karatasi inajaa pande zote mbili, kisha anaigeuza na kuandika pembeni.

Jicho langu huanzia kona ya juu, kwenye tarehe. Marafiki wa zamani hawakutaka kuandika majina ya miezi na siku, kwa kuwa mengi yalitokana na miungu ya kipagani. Waliandika namba tu: mwezi wa 3, siku ya 14, na Jumapili ikawa Siku ya Kwanza. Kufikia miaka ya 1900 vijana wengi, hasa Uingereza, walikuwa wameiacha desturi hiyo, ingawa nyumba nyingi za Philadelphia ziliendelea nayo, pamoja na ule usemi wa kikale wa kumwita mtu mmoja kwa nafsi yake ya umoja, yaani "thee" badala ya "you". Kwa hiyo kabla hujasoma hata salamu, tarehe imeshakuambia kidogo huyu katoka nyumba ya aina gani.

Halafu zinakuja habari. Nani alisimama akasema kwenye ibada, na je, alisema kwa muda mrefu kupita kiasi. Shangazi anaumwa kifua. Treni ya saa tatu ilichelewa. Kuna mgeni aliyekuja kuhutubia juu ya ulevi. Ukitafuta penzi, ruka hadi ukurasa wa mwisho, na hata huko utalikuta limejibana kwenye mistari minne.

Nadhani najua kwa nini. Uchumba wa Kiquaker haukuwa wa watu wawili. Kwa kuwa hakuna kasisi wa kuwafungisha ndoa, ni mkutano wenyewe, yaani jumuiya ya waumini wa eneo hilo, uliobeba jukumu. Wawili walipeleka taarifa ya nia yao, na Marafiki wakahakikisha kwamba kila mmoja yuko huru, hana ahadi kwa mtu mwingine, na kwamba hakuna kizuizi. Hili lilikuwa na uzito wa kisheria pia: sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1753, iliyowalazimisha karibu watu wote kuoana katika kanisa la Anglikana, iliwaacha Waquaker na Wayahudi wafuate taratibu zao. Na hadi katikati ya karne ya 19, Rafiki aliyeoa nje ya jumuiya aliweza kufukuzwa uanachama. Kwa hiyo walioana wenyewe kwa wenyewe, watoto wa marafiki wa wazazi, waliosoma shule zile zile, Bootham kwa wavulana na The Mount kwa wasichana, zote za York. Kila mtu alimjua kila mtu. Barua ikifika, mama anauliza mbele ya kifungua kinywa: anasemaje? Na unatakiwa usome kwa sauti. Nani ataandika mahaba hapo? Msomaji wa tatu alikuwapo tangu siku ya kwanza, na habari za shangazi zimeandikwa kwa ajili yake.

Gharama haikuwa kikwazo. Tangu 1840 hadi katikati ya 1918 barua ya kawaida ndani ya Uingereza ilitumwa kwa peni moja, na London tarishi alipita mara kadhaa kwa siku. Wachumba wa mji mmoja waliweza kugombana asubuhi na kupatana kabla ya chakula cha jioni, kila kitu kwa maandishi.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na msomaji wa tatu akavaa sare.

Hapa ndipo barua zinapobadilika mbele ya macho yako. Sheria ya Uingereza ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima ilipitishwa Januari 1916, na iliwaanza makapera wa miaka 18 hadi 41. Wachumba, yaani. Wala haikusaidia kukimbilia harusi, kwa sababu sheria iliangalia ulikuwa nani tarehe 2 Novemba 1915. Kama siku hiyo hukuwa na mke, wewe ni kapera hata kama leo una pete. Waliooa walifikiwa miezi michache baadaye. Marafiki walikuwa wametangaza tangu 1660 kwamba hawashiki silaha, lakini tusidanganyane: karibu theluthi moja ya wanaume wao wa umri wa kupigana waliingia jeshini. Msichana aliweza kuwa na kaka kwenye mahandaki, mchumba gerezani, na mezani kila mtu anamega mkate kimya.

Wengine walichukua njia ya katikati, wakajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa kilichoanzishwa na Marafiki mwaka 1914. Mmoja wa madereva wake alikuwa Olaf Stapledon, ambaye baadaye alijulikana kwa riwaya zake za sayansi ya kubuni. Hakuwa Quaker, ila alikuwa miongoni mwao, kwenye msafara ulioitwa SSA 13, chini ya jeshi la Ufaransa. Mpenzi wake, Agnes Miller, ambaye pia ni binamu yake, alikuwa Sydney, Australia. Barua ilikaa baharini zaidi ya mwezi. Fikiria hesabu yake: unauliza swali ukiwa na homa ya wasiwasi, na jibu linakukuta umeshasahau ulichouliza, huku swali la pili likiwa katikati ya bahari. Na mahali ulipo huruhusiwi kupataja, kwa kuwa ofisa anasoma kwanza. Waliendelea hivyo miaka yote ya vita. Walioana Julai 1919.

Lakini zinazonishika zaidi ni za gerezani. Zaidi ya wanaume 16,000 wa Uingereza walikataa vita kwa sababu ya dhamiri, na maelfu yao walifungwa, Waquaker wakiwemo. Mfungwa wa kazi ngumu hakuandika wala kupokea barua kwa miezi miwili ya kwanza. Baada ya hapo alipewa fomu moja ya gereza, yenye kanuni zilizochapwa juu kabisa kabla ya nafasi ya kuandikia, na mkuu wa gereza aliisoma. Adhabu ilipokwisha, wengi walirudishwa kambi ya jeshi, wakaamriwa tena kutumika, wakakataa tena, wakahukumiwa tena, na saa ikaanza kuhesabu upya: miezi miwili mingine bila barua. Ukiangalia fomu hizo unaona herufi zinavyozidi kuwa ndogo kuelekea chini, mtu anabana maisha ya wiki nane kwenye karatasi moja. Na ajabu yake ni kwamba humo penzi limehama ukurasa wa mwisho. Liko mstari wa kwanza. Shangazi hatajwi kabisa, au anapewa salamu moja na akina mama wengine wote kwa jumla. Mtu aliyekuwa akimwonea haya mama mkwe mezani hamwonei haya askari jela hata kidogo.

Waliofika harusini walisimama katikati ya ukimya, wakashikana mikono, kila mmoja akasema ahadi yake bila kuongozwa na mtu. Kwa msaada wa Mungu, nitakuwa mwenzi mwenye upendo na mwaminifu, maadamu sote tunaishi. Ya mume na ya mke ni moja. Nimetafuta mahali mke anapoahidi kumtii mume, kama katika ndoa ya Kianglikana ya wakati ule, na hakuna. Kisha cheti kikasomwa, na kila aliyehudhuria akatia sahihi, watoto nao kwa mwandiko wao wa kupinda.

Barua zao hukoma hapo, maana sasa wanaishi nyumba moja. Ukitaka kuzisoma, anza na za 1917. Za 1912 mwachie mtu anayependa ratiba za treni.