Kuhamishia wadudu kwenye kijito kilichokarabatiwa: uzoefu wangu

Kijito cha mjini ukikirudishia mizingo yake, changarawe na kivuli, wadudu wengi wa majini hawaji wenyewe. Sehemu za Thornton Creek, kijito cha jiji la Seattle, Marekani, zilitengenezwa upya mwaka 2014, lakini kati yake na vijito vizima vya milimani pana lami na makalvati, na aina nyingi zikishaota mabawa huishi siku au wiki chache tu. Vijito vya eneo hili tunavipelekea wadudu kwa vikapu.

Chukua kikapu cha wavu wa plastiki, ukijaze mawe ya ukubwa wa ngumi, changarawe na konzi moja ya majani makavu. Kilaze penye mkondo wa kasi kwenye kijito kizima cha mlimani kwa wiki 6. Ukikitoa mapema utapata wale wepesi wa kuhama tu, ambao mjini wameshajaa. Tunaotaka ni tunutu (wachanga waishio majini) wa Plekoptera, kwa Kiingereza stoneflies, wenye mikia miwili, na mabuu wa Trikoptera, yaani caddisflies, wanaojijengea ala za vijiwe.

Kabla ya kuinua kikapu, kinga wavu laini upande maji yanakokwenda. Wadudu wakishtuka huachia mawe. Safirisha kwa boksi la barafu lenye maji ya kijito hichohicho na pampu ya hewa ya betri. Barafu ibaki ndani ya chupa. Wakubwa wanaokula wenzao watenge, maana ndani ya boksi hakuna pa kujificha. Ukifika, changanya maji ya huko kidogo kidogo hadi joto lilingane, ndipo ulaze kikapu nyuma ya jiwe kubwa.

Vifaa vyetu huenda upande mmoja tu. Konokono wa New Zealand ameshaingia Seattle, na jike mmoja huzaa bila dume. Kinachotoka mjini, mabuti yakiwemo, hulala kwenye friza kabla ya kurudi mlimani. Hapa sikubali haraka ya mtu yeyote.

Msimu nao una uzito wake. Tunutu mwenye vifuko vyeusi vya mabawa mgongoni yuko karibu kuruka. Ukimhamisha, ataruka na kukosa mwenzi. Tuliwahi kuchelewa na shehena nzima ikaishia hivyo.

Mwaka unaofuata, Pteronarcys (Plekoptera wa umbo kubwa) aliyekomaa chini ya jiwe si ushahidi kwamba wamezaliana, kwani hukaa majini zaidi ya mwaka. Huenda ni yuleyule tuliyembeba. Natafuta wadogo wa milimita 5, miaka miwili au zaidi baada ya shehena ya mwisho. Hao wameanguliwa hapohapo.