Saa ya Ukutani

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 9. Mzee anakaa mezani, anawasha redio ya kaseti na kusikiliza sauti ya mkewe, aliyefariki kabla hawajapatana. Chumba kimoja, mchana mmoja. Mimi nilikuwa mhariri, lakini siku ya kupiga picha nilishika pia kinasa sauti, kwa kuwa tulikuwa watu wanne tu.

Kosa langu lilining'inia juu ya kabati: saa ya betri, ile ambayo mshale wake wa sekunde huruka na kulia mara moja kila sekunde. Mwongozaji aliipenda kwenye picha, ikabaki. Mlio kama huo masikio huuzoea baada ya dakika chache, yakaacha kuusikia. Maikrofoni haizoei. Nilivaa hedifoni kutwa nzima nikifuatilia pumzi za mzee, saa ikanipita.

Niliisikia kesho yake, nikihariri. Tulirekodi fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, hivyo kati ya mlio na mlio kulikuwa na fremu 24. Nilipokata uso wa mzee mahali popote na kuuunganisha na mkono wake ukiifikia redio, mlio uliofuata uliwahi au ukachelewa. Jicho husamehe picha iliyoruka; mdundo uliovunjika sikio hulidaka papo hapo. Nikaweka mlio wa saa nyingine juu yake, nikapata saa mbili zinazogombana. Nikachuja sauti kali za juu. Saa ikafifia, ila s na sh za mzee zikawa kama zinatoka nyuma ya pazia.

Ikabidi nikate kwa kuifuata saa. Niliweka alama kwenye kila mlio, kisha nikakata fremu 12 baada ya alama, kwenye utulivu wa katikati, maana ukikata juu ya mlio wenyewe unaukata kichwa. Kila shoti ikawa ya sekunde kamili.

Baada ya kaseti kusema, "Ukirudi utanikuta," kuna kimya. Nilikuwa nimekipunguza hadi sekunde 4 na nusu, nikihofia watazamaji watachoka. Nusu sasa haikuwezekana. Nikajaribu 5, nikajaribu 6, nikaendelea kukirefusha kimya hadi 11, mwisho wa alichoigiza. Kwenye sekunde ya 7 mzee anakitazama kiti cha mbele yake. Kwenye ya 9 kidole gumba kinainuka kuelekea kitufe cha kurudisha kanda nyuma, kinasita, kinashuka. Majuto ya filamu nzima yalikuwa pale, nami nilikuwa nimeyatupa.

Sentensi moja tu haikuokoka, kwa sababu iliunganisha rekodi mbili katikati ya neno. Tukamwomba mzee arudi. Safari hii nilitoa betri kwanza na kuipanga mishale kwa mkono ifanane na shoti ya awali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tungefanya hivyo tangu mwanzo, hata saa isingeonekana kuruka kutoka saa 4 hadi saa 6 kati ya shoti mbili. Nikanasa dakika 1 ya chumba kitupu, kisha nikairudisha betri kwa muda na kunasa dakika 2 za saa peke yake, ili mlio niupachike mwenyewe wakati wa kuhariri, maikrofoni ikiwa sentimita 15 tu kutoka kwake, kabla sijaitoa tena ile betri.

Mzee aliketi kwenye kiti kilekile, akasikiliza kidogo.

"Mbona leo saa imesimama, mwanangu?"

Nikamwonyesha betri mkononi, tukarekodi.