Nilimpa kiganja

Saa tano na nusu usiku, na bado nauona ule mkono umenyooshwa juu ya meza yangu.

Mnamkumbuka yule mkunga mstaafu niliyewaandikia mwezi wa Aprili, aliyekuja ofisini kwetu tunakouza safari, na daftari la mistari na akiba ya miaka mingi? "Sitaki yale maghorofa yanayoelea," alisema. Nikamtafutia meli ndogo ya abiria mia hivi, siku kumi kutoka Oban, Uskoti, watu wanashushwa visiwani kwa boti za mpira na nahodha anageuza njia bahari ikichafuka. Siku ile aliniuliza, "Wewe umefika huko, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, Mama. Upepo wake si mchezo."

Chombo pekee nilichowahi kupanda majini ni feri ya Likoni.

Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya nne, kaka amerudi kutoka Doha bila kusema anarudi, na mahari ya Pendo imemalizika bila mtu kununa. Hayo nitayaandika siku nyingine. Jumanne yule Mama mkunga, amesharudi, alikuja na mkebe wa biskuti, akavuta kiti, akaanza kunisimulia safari yake. Alianza na kisiwa cha Staffa, zile nguzo za mawe zilizosimama wima, nyingi zina pembe sita, lava iliyopoa ikapasuka yenyewe lakini utadhani kuna fundi aliyepima. Mimi naitikia tu, "Naam, naam." Kisha akafika St Kilda, vile visiwa vya mbali baharini ambavyo kikubwa chao ni Hirta.

"Pale Hirta nahodha alikataa kutushusha siku ya kwanza. Tukalala baharini, mawimbi yanatupiga. Kesho yake ndiyo tukashuka." Akanyoosha mkono. "Unakumbuka wanavyokushika ukitoka kwenye boti?"

Nami nikampa kiganja, kama mtu anayesalimia kanisani.

Hakusema kitu. Mkono ulikaa pale, sijui kwa muda gani. Kisha akausogeza juu, akanishika juu kidogo ya kifundo cha mkono, akachukua vidole vyangu akavizungusha kwenye mkono wake vivyo hivyo, mimi nimemshika yeye na yeye kanishika mimi.

"Hivi, mwanangu. Kiganja kikilowa kinateleza."

Basi. Akaendelea na hadithi yake. Tangu Jumanne naigeuzageuza hiyo "hivi, mwanangu". Nimeisikia kwa upole, nimeisikia kwa kejeli, jana kwenye matatu niliisikia kwa sauti ya mwalimu wangu wa darasa la nne. Angenikaripia ningelala.

Kilichonichoma zaidi ni alichosema baadaye. Mimi kijiji cha Hirta nakijua kwa tarakimu: tarehe 29 Agosti 1930, watu 36, wenyewe ndio walioomba kuhamishwa. Hayo huwa nayatiririsha kwa wateja. Mama hakuyagusa. Alizungumzia vitovu. Karne ya 19 watoto wengi wa pale walikufa kabla ya kutimiza wiki mbili, kwa pepopunda, mpaka miaka ya 1890 mchungaji wao alipohimiza usafi na dawa ya kuua viini wakati wa kuzalisha. "Nilisimama kwenye ule mtaa wao mmoja," alisema, "nikawa nahesabu milango na kuwaza ni mlango upi haukuzika mtoto." Nimeuza safari hiyo miaka mitatu na sikuwahi kuuwaza mlango hata mmoja.

Nilipomweleza Baba Zawadi alicheka mpaka akakohoa. Hapo hasira ikanipanda, na si kwake. Bei ya hiyo safari ni mshahara wangu wa zaidi ya mwaka, bado viza, bado nauli ya ndege. Ofisini ndiko tulikofundishwa kusema tumefika, eti mteja hamwamini mtu ambaye hajafika. Mama wa watu angeniamini hata ningemwambia, "Sijafika, lakini nimesoma sana." Mtu mwenye daftari la mistari anamheshimu msomaji.

Leo jioni nikamsimamisha Zawadi ndani ya beseni la kufulia, mlangoni mwa bafu, nikamwambia yuko kwenye boti na sakafu ni mwamba. Nimelowesha mikono yetu kwa sabuni. Kiganja kwa kiganja, akachomoka na kukalia maji. Tukashikana kwa ile njia ya Mama, nikamvuta, akaruka akatua kwenye mkeka bila kuteleza. "Tena!" Tumeshuka Hirta mara kumi na moja, mara ya mwisho na Baba Zawadi akiwa wimbi. Biskuti zimebaki tatu.

Nafikiri nitampigia Mama kesho. Au nimwandikie. Sijajua nitaanzaje.

Halafu mwenye nyumba amepiga simu mara mbili leo, sikupata kupokea, na hakuacha ujumbe. Kodi nililipa tarehe tatu, hata ule ujumbe wa M-Pesa ninao. Sasa anataka nini?