Zeze la farasi halikuwahi kukaa kimya: muziki wa Mongolia, wa kale na wa leo

Watu wengi siku hizi wameijua Mongolia kimuziki kupitia The HU, ile bendi ya Ulaanbaatar iliyoanza 2016, halafu 2018 wakatupia video zao mbili YouTube, Yuve Yuve Yu na Wolf Totem, wapenda roki wa dunia nzima wakachanganyikiwa. Mi nawapenda sana na albamu yao ya 2019, The Gereg, bado naisikiliza. Ila kuna hoja naisikia kila mara wakitajwa, eti jamaa wamechukua vitu vya mababu wakavibandika juu ya magitaa, au mbaya zaidi, wameharibu mila. Hapo siwezi kunyamaza, kwa sababu muziki wa Mongolia umekuwa ukibadilika muda mrefu sana na hata hicho tunachoita cha asili kina mkono wa juzijuzi ndani yake.

Tuanze na morin khuur, zeze lenye kichwa cha farasi kilichochongwa juu ya shingo. Lina nyuzi mbili tu, na kwa mapokeo kila uzi ni fungu la singa za mkia wa farasi, ule mnene ni wa dume na una singa kama 130, mwembamba ni wa jike, kama 105. Angalia vidole vya mpigaji kwa karibu, yaani usiangalie kitu kingine, utaona hakandamizi uzi kwenye ubao kama wa gitaa, anaugusa kwa ubavuni, kwa kucha na ngozi ya juu ya kucha, uzi unabaki hewani. Na upinde anaushika kiganja kikiangalia juu, vidole vinavuta singa za upinde ili kukaza au kulegeza wakati huohuo anapiga. Ndo maana sauti yake ina mkwaruzo na pumzi ndani, na ukiipitisha kwenye amplifaya haipotei kati ya magitaa, inakaa kama vile nafasi yake ilikuwa inaisubiri.

Sasa, zamani uso wa hilo zeze ulikuwa wa ngozi, ya mbuzi au ya ngamia, na ngozi ikipata unyevu inalegea na sauti inashuka. Enzi za ujamaa walitaka zeze la kupigwa kwenye kumbi kubwa na kwenye okestra, basi mafundi wakaweka uso wa mbao wenye matundu mawili kama ya fidla, na hilo ndilo zeze ambalo leo watu wanalishika wakisema huu ndo utamaduni halisi. Na ni halisi kweli! UNESCO waliutambua muziki wake mwaka 2003, sina ubishi nao. Nachosema ni kwamba anayemlaumu kijana kwa kuunganisha zeze na umeme amesahau kwamba babu yake naye alishuhudia likibadilishwa uso.

Khöömii, ule uimbaji wa koo, unasifika zaidi huko magharibi kwenye milima ya Altai, wilaya ya Chandmani mkoa wa Khovd ndo inatajwa sana. Mwimbaji anakaza koo anatoa sauti moja ya chini isiyobadilika, halafu kwa ulimi na midomo anachuja ile sauti mpaka juu yake inatoka nyingine, nyembamba kama filimbi, na hiyo ya juu ndo inabeba melodi. Mtu mmoja, sauti mbili kwa wakati mmoja. Kwa mila ilikuwa ya wanaume, siku hizi wanawake nao wanaimba.

Lakini moyo wangu uko kwenye urtiin duu, wimbo mrefu. Sio mrefu kwa maneno, maneno yanaweza kuwa kumi tu ndani ya dakika nne, silabi moja inavutwa, inapanda, inatetemeka, inavunjika na kuungana tena. Msikilize Norovbanzad (1931–2002), mama wa kutoka mkoa wa Dundgovi aliyechukua medali ya dhahabu kwenye tamasha la vijana la dunia Moscow 1957. Hakuna ngoma, hakuna mapigo ya kuhesabu, pengine zeze tu linamfuata nyuma, na wewe unajikuta umeacha ulichokuwa unafanya.

Na kule jangwa la Gobi muziki ni kazi ya mfugaji pia. Ngamia akimkataa ndama wake, wanafungwa pamoja, mtu anaimba neno moja, khöös khöös, akirudiarudia taratibu huku zeze au filimbi ikipigwa mpaka mama akubali kunyonyesha. UNESCO iliiweka desturi hiyo 2015 kwenye orodha ya vinavyohitaji kulindwa haraka, maana wafugaji wa ngamia wanapungua.

Upande wa kisasa nao una historia yake. Bendi ya Soyol Erdene ilianza 1971, chini ya serikali ileile ya ujamaa. Mwaka 1990 watu walipojaa uwanjani Ulaanbaatar kudai demokrasia, wimbo wa bendi ya Khonkh ukawa wimbo wa mapinduzi. Baada ya hapo milango ikafunguka, hevi metal ya bendi ya Hurd, halafu hip hop, na marapa kama Gee wakaimba maisha ya mitaa ya mahema pembezoni mwa jiji, moshi wa makaa ya mawe na umaskini. Bendi ya Altan Urag nao walianza kuchanganya zeze na roki 2002, miaka mingi kabla ya The HU.

Kwenye opera pia wapo, Ariunbaatar Ganbaatar, aliyekulia kwenye familia ya wafugaji, alibeba Grand Prix, tuzo kuu ya mashindano ya muziki ya Tchaikovsky ya Urusi, 2015.

Ila anayenishika zaidi sasa hivi ni Enji, dada wa Ulaanbaatar anayeishi Munich, anaimba jazi kwa Kimongolia. Kwenye albamu yake Ursgal ya 2021 ni sauti, gitaa na besi tu, na ndani ya hiyo sauti ule mvuto wa urtiin duu unausikia wazi. Kama magitaa mazito sio yako, anzia kwa huyu.